Misumari Uliyozikwa Nayo

Fundi wangu,

Kuna watu wanataka kukufukua.

Nimetafuta namna ya kulisema kwa adabu, kama mtu anavyopaswa kumpa mzee wake habari mbaya, nikashindwa. Bora ulisikie kwangu mimi niliyekufunga humo ndani.

Nimefunga mlango wa karakana ingawa ni mchana na jua linawaka. Kuna mteja amebisha, akaniita jina, akaondoka. Kila gari likipunguza mwendo hapa barabarani kalamu inasimama, nasikiliza mpaka lipite kuelekea mpakani. Nakuandikia kwa Kiswahili cha shule, kile ulichokuwa ukinichekea: "Kavira, unaandika sawa redio." Nivumilie. Kiswahili changu cha mdomo leo kinatetemeka.

Tangu utuache mambo mengi yako vilevile. Watu wanaleta milango iliyooza, wanaleta vitanda. Mkeo Mama Biira bado anapika chakula cha watu wengi, halafu anatazama sufuria kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Amekonda, lakini anatembea. Mwanao Thembo bado anaendesha bodaboda. Huyo nitakueleza habari zake mbele, na nakuomba usikasirike kabla hujafika mwisho.

Ulipokuwa mgonjwa, ukiwa umekaa kwenye mkeka nje ya nyumba, uliniambia, "Ile misumari ya pembe nne, yenye iko mu kopo, ndiyo utanifungia nayo. Ile haiachiliake mbao." Mama Biira alikukaripia, akasema mtu hajiandalii hivyo. Ukacheka mpaka kikohozi kikakushika. Mimi sikucheka. Nilijua husemi utani, kwa sababu misumari ile ulikuwa unaiokota katika kila nyumba kuukuu tuliyobomoa, unaiosha kwa mafuta taa, unainyoosha, na hukuwahi kumuuzia mtu hata mmoja.

Basi nikakufungia nayo. Nilipigilia mfuniko wako pale uani, mbele ya waombolezaji wote. Watu waliuliza kwa nini situmii ya dukani. Nikawajibu kwamba ni wosia wako. Nani angefikiri kwamba neno lile lingetembea mpaka Kasese?

Ulikufa kabla uvumi haujafika kwetu, Fundi. Wanasema chuma cha nyumba za zamani kina zebaki ndani yake. Wanasema msumari wa kale wa kweli ukiuweka karibu na mchele, punje zinatembea zenyewe kuufuata, na kwamba kuna matajiri huko mbali wanaununua kwa bei ya nyumba. Huku milimani watu wanang'oa vizingiti vya babu zao. Kule Nyakalengija kuna familia iliyochokonoa msingi wa nyumba yao wenyewe mpaka ukuta ukalala. Ningekusimulia haya ukiwa hai ungeshika kichwa. Tulibomoa nyumba ngapi, mimi na wewe, na misumari tukaifunga kwenye gunia, na mchele wetu ukabaki kwenye sahani?

Wakaanza kuuliza nani anaijua misumari. Wakaambiwa mzee Baluku amekufa, ila kuna mwanamke Mkongomani aliyekuwa mwanafunzi wake.

Nilikuja kwako nikiwa sijui lolote. Tulikuwa tumetoka upande wa Butembo na mama yangu, tumelala kanisani, nami nikaja kuomba kazi ya kufagia maranda. Ukanipa misumari mitatu mkononi, ukaniambia nikutofautishie. Nikasema yote ni misumari. "Soma kichwa kwanza," ukasema, "halafu shingo, halafu muguu." Ukanionyesha ule wa kufuliwa na mhunzi, unaopungua pande zote nne kuelekea ncha, na kichwa chake kimejaa makovu ya nyundo. Ukanionyesha ule wa kukatwa kwenye bamba, pande mbili zinapungua na mbili zimenyooka sawasawa, ncha yake butu. Halafu wa mviringo, wa waya, huu wa siku zote, wenye mikwaruzo shingoni pale mashine ilipouma. Nikakaa nayo mpaka jioni, nikiigusa macho yamefumbwa.

Unakumbuka Karusandara? Bibi yule aliyetuita kutafuta mahali nyumba ya baba yake iliposimama, na shamba lote lilikuwa limegeuka majani? Ulitambaa kwa magoti asubuhi nzima. Ukakuta misumari ya bati yenye kofia za madini ya risasi, ukasema hapa ndipo maji ya paa yalipokuwa yakimwagika. Ukakuta skrubu zisizo na ncha, zote mahali pamoja, na kipande cha bawaba, ukamwambia bibi, "Mulango ilikuwa hapa, ilifungukia upande huu." Bibi akaja, akasimama pale katikati ya majani, akainamisha kichwa kidogo kama mtu anayepita mlango mfupi. Wewe ukageuka pembeni kujifanya unatafuta nyundo.

Hiyo ndiyo elimu uliyoniachia. Sikujua kwamba siku moja itanifanya nitafutwe.

Walikuja asubuhi, kwa gari jeupe. Mmoja amevaa koti zuri, mwenzake anamwita Patron. Wa pili ni mrefu, aliwahi kuwa jeshini, naye anaitwa Afande. Patron aliingia karakanani akakaa kwenye meza yako ya kazi. Juu yake kabisa, Fundi, miguu inaning'inia.

"Wewe ndiyo ile mama ya misumari?"

Nikasema mimi ni seremala.

"Mzee yako alizikwa na kitu yenye sisi tunatafuta," akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini na laini, na ndiyo iliyonitisha zaidi. "Sisi hapana taka matata na maiti. Utupatie ingine, ya aina ile ile, basi mambo itaisha."

Nikamwambia hakuna kitu ndani ya msumari. Ni chuma tu. Afande akapiga mlango kwa kiganja. "Wewe! Unajibu ama unabishana?"

Nilijiuliza ungefanya nini wewe. Kopo lilikuwa limebaki na misumari michache iliyopinda, nikawapa. Patron aliigeuza, akairudisha koponi, akasema hiyo imeguswa mno, imelala karakanani muda mrefu, nguvu imetoka. Anataka inayotoka ardhini, kwenye nyumba yenyewe, na mimi niichague kwa mkono wangu. Nikafikiri: nikiwapa hiyo, watakuacha wewe. Nikapanda gari.

Niliwapeleka Kyarumba, kule juu, kwenye msingi wa nyumba ya yule mzungu wa kahawa ambaye jina lake hata wewe hukulipata. Gari liliachwa chini, tukapanda kwa miguu. Wanawake walikuwa wanateremka na magunia ya kahawa kichwani, wakatupisha, wakaniangalia usoni. Nilitaka mmoja wao aniulize naenda wapi. Hakuuliza hata mmoja. Mwenye shamba alikuwa anapalilia maharage katikati ya mawe ya msingi. Alipomwona Afande ameshika panga, aliingia ndani akafunga mlango.

Nilichimba kwa mwiko. Ilianza kutoka ya juu, misumari ya waya, mingi, ya siku ambazo watu waliipiga nyumba viraka. Kisha boliti yenye nati ya pembe nne. Kisha msumari wa bati na kofia yake. Afande akaunyakua. "Hii iko muzito! Patron, ona!" Nikamwambia ni risasi, wanaweka ili mvua isipite tunduni. Akaniangalia kama nimemtukana. Kila nilichokitaja kwa jina lake la kweli, nyuso zao zilizidi kukunjana.

Karibu na kizingiti niliupata. Kabla sijaufuta udongo vidole vyangu vilishajua. Pande nne zote zinapungua. Kichwa kina makovu ya nyundo. Mhunzi fulani wa milima hii aliufua kwa mikono yake, labda hata alimjua babu yako. Siku nyingine ningefurahi, ningekimbia kukuita.

"Ni huu," nikasema. "Hakuna wa zamani kuupita."

Patron akatoa mfukoni kavera, kifuko cha plastiki chenye mchele, akatandaza jani la mgomba, akamwaga punje chache. Akauweka msumari katikati. Tukachuchumaa watu wazima watatu tukiangalia mchele. Inzi alitua, akatembea juu ya punje, akaruka. Mchele haukusogea.

Nikafikiri sasa wameona. Sasa wataelewa, watatukana, wataenda zao.

Patron aliukusanya mchele wake polepole. "Hii imekufa," akasema. "Sasa naelewa. Ile yenye inakaa na mutu chini, ile ndiyo iko hai."

Fundi, niliona nyasi, mawe, maharage, vyote vinakuwa vyeupe. Nimevuka mpaka nikisikia bunduki nyuma yangu, lakini sikuwahi kuogopa vile. Nilikuwa nimewapeleka kule ili nikuondoe wewe midomoni mwao, na wao wakashuka mlima wakiwa na hakika kuliko walivyopanda. Wakaniacha palepale. Niliteremka peke yangu nyuma ya wanawake wa kahawa, nikiwafuata karibu karibu, mpaka mmoja akageuka akaniuliza kama naumwa.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Alisikitika, akasema wakionekana tumpigie simu. Nikaenda kwa Mama Biira nikamweleza yote. Alikuwa anamenya matoke, hakuacha kumenya. Akauliza swali moja tu: "Na nani atabaonyesha kaburi iko wapi?"

Jibu lilikuja lenyewe siku ya soko la Mpondwe, wakati mtaa wote umeteremka kuuza na kununua, na kijiji kimebaki na kuku. Gari jeupe liliingia mpaka uani. Nyuma yake ilikuja bodaboda, na juu ya bodaboda alikuwa Thembo, ameweka jembe mbele yake.

Nimekuomba usikasirike. Pikipiki ile si yake na mwenyewe anaitaka, na mtoto wake anaumwa kifua, na watu hawa walimwahidi pesa. Nilimwona usoni, Fundi. Alikuwa anaogopa kuliko mimi. Alipita mbele yetu bila salamu, akasema akiangalia chini, "Baba hana kazi na misumari. Sisi tuko hai."

Mama Biira alifuta mikono yake kwenye kitenge. Akaenda nyuma ya nyumba, kwenye migomba, pale tulipokulaza. Akapiga goti moja, akapiga la pili, akajinyoosha juu ya udongo wako kama mtu anayelala kitandani mwake, akavuta kitenge kikafunika miguu.

"Muanzie hapa," akasema, akigusa tumbo. "Mukimaliza mimi, mutamufikia."

Afande akapaza sauti. "Mama, toka! Toka hapo haraka!" Hakutoka. Afande akamwinamia kumshika mkono, na mimi nikajikuta nimesimama katikati yao. Sikuwa na ujasiri, usinisifu. Nilikuwa nimejikojolea kidogo, nakuambia wewe tu. Sikuwa na nyundo wala jiwe. Nilikuwa na kile ulichonifundisha, nikamgeukia Thembo.

"Thembo, mimi ndiye nilifunga. Najua kila moja iko wapi. Ya kwanza iko hapa," nikaweka kidole kwenye paji la uso wangu. "Juu ya uso ya baba yako. Ukitaka kuitoa utaingiza chuma pale, utabinya, na ile misumari haitoki mbio, unajua mwenyewe, inalia. Ya pili iko kwenye bega. Ingine kwenye bega ya pili. Nikuendeleze? Nikuambie yenye iko juu ya mikono?"

"Nyamaza," akasema Thembo.

"Nani atabinya? Patron? Ama wewe?"

"Kavira, nyamaza!"

Jembe lilikuwa bado mkononi mwake. Niliona kidole gumba kikisugua mpini, mpini ule ulioutengeneza wewe. Halafu uso wake ukavunjika. Akalitupa jembe kwenye migomba, akaenda akakaa chini kwenye kichwa cha mama yake, akajifunika uso kwa mikono yote miwili. Mama Biira alimwekea kiganja mgongoni, akiwa bado amelala.

Patron aliangalia ile familia iliyokaa juu ya kaburi. Nadhani alikuwa anapima kama tunawezekana. Mwishowe alivuta koti lake likakaa vizuri. "Hakuna shida," akasema kwa ile sauti laini. "Udongo haitembeake." Wakaondoka. Vumbi lao lilibaki juu ya migomba muda mrefu.

Kesho yake tulikumwagia zege. Thembo ndiye aliyekoroga, hakumwachia mtu koleo. Majirani walileta maji, katekista akaomba, mtaa wote ukasimama. Nililainisha juu kwa ubao, taratibu, kama ulivyopenda kazi imalizwe. Najua hukupenda simenti. Ulisema inamnyima mtu pumzi. Nisamehe, sikuona njia nyingine.

Na ile michache iliyobaki koponi niliinyoosha, nikaipeleka kanisani, nikatengenezea mabenchi yaliyokuwa yamelegea, mchana, watu wakiona. Niliwaita wakakaa. Niliwaambia, hii ndiyo ile misumari, kaeni, muone kama kuna kinachotembea. Watu walicheka. Nikacheka nao. Kwa mara ya kwanza tangu waje nililala usingizi.

Jumatatu yake nilikwenda kufagia kanisa, na chini ya benchi la mbele nikakuta punje za mchele.

Hazikuwa zimemwagika ovyo. Zilikuwa zimewekwa, kwa mstari, karibu na mguu wa benchi. Nilizikusanya kwenye kiganja nikakaa nazo. Si Patron aliyefanya vile, Fundi. Patron hajaja kanisani kwetu. Ni mmoja aliyesimama karibu nami tukimwaga zege, labda aliyeleta maji. Tangu siku ile nawaangalia mikono wanaponisalimu. Nikipewa amani ya Kristo nawaza: ni huyu? Na gari jeupe lilionekana tena jana pale njia panda, limesimama, hakuna aliyeshuka. Huenda walisimama kupiga simu. Thembo amehamisha kitanda chake, analala upande wa nyumba unaotazama migomba.

Sina mwisho mzuri wa kukupa. Zege limeshika vizuri, halijapasuka. Mama Biira anakaa juu yake akichambua maharage, na usiposikia anachosema utadhani anaongea peke yake.

Juzi aliniita pale. Alikuwa anatazama mikono yangu, akasema kwa utulivu, kama mtu anayeagiza kiti: "Kavira, siku yangu ikifika, usiniwekee chuma. Hata moja. Sitaki mutu aje kuniamusha." Nikamwambia sanduku bila msumari ni kazi ngumu. Akasema, "Wewe unajua mbao ama haujue?"

Nimekwisha kuchagua mti. Nitachonga vijiti badala ya misumari, nitatoboa kwa keekee, nitavikausha vizuri ili vikinywa unyevu wa ardhi vivimbe na kukaza. Atalala bila chuma, ubavuni mwako, na hakuna mtu duniani atakayekuwa na sababu ya kumtafuta. Nakuahidi hilo. Nakuahidi pia kwamba nitafungua mlango wa karakana nikimaliza mstari huu, ingawa naogopa, ingawa sijui ni nani atakayeingia.

Wasingya, asante, Fundi. Lala. Tuko juu hapa, tunasikiliza.

Mwanafunzi wako,
Kavira